Embe kwenye blenda, tikiti kwenye glasi ndefu: njia tano za kokteli za matunda ya msimu

Wengi wakitaka kuandaa kokteli ya majira ya joto huanza kwa kuuliza pombe: ramu au jini? Vodka au tekila? Swali hilo linaweza kusubiri. Chupa ya ramu itakuwa vilevile mwezi ujao, lakini tikiti ulilopasua leo kesho kutwa halifai. Tunda ndilo lenye msimu na ndilo lenye tabia zinazotofautiana mno, kwa hiyo ulinganisho huu unaanza kwenye tunda, unapita kwenye njia ya kuandaa, na pombe inakuja mwisho.

Njia zenyewe ni tano: kutikisa na barafu kisha kuchuja, kuponda tunda ndani ya glasi, kujaza glasi ndefu kwa maji ya soda, kusaga kwenye blenda pamoja na barafu, na kuchanganya jagi zima. Ili mizani iwe sawa, kila glasi nimeipa kipimo kimoja cha pombe kali: mililita 45 zenye nguvu ya asilimia 40. Jagi peke yake linatumia divai.

| Njia | Nguvu glasini (makadirio) | Vyombo | Matunda yanayoifaa |
|---|---|---|---|
| Kutikisa | 13% | chombo cha kutikisia, chujio | karakara, nanasi |
| Kuponda | 14% mwanzoni, hushuka | mchi wa mbao | stroberi, zabibu, ndimu |
| Glasi ndefu | 7% | kijiko kirefu | tikiti maji, balungi, pichi |
| Blenda | 5% | blenda, friza | embe, nanasi |
| Jagi | 7% | jagi, friji | chungwa, tufaha, pichi |

Namba hizo zimehesabu na maji ya barafu inayoyeyuka. Zisikudanganye, lakini. Glasi nne za mwanzo zina pombe ileile, gramu 14 hivi. Ya blenda inaonekana nyepesi kwa sababu ni kubwa tu, na ubaridi na utamu wake huficha pombe kuliko njia nyingine yoyote hapa. Mtu anayeimaliza kwa dakika tano kwa kuwa "ni kama juisi" amekunywa sawa na yule aliyemaliza kiglasi kidogo cha kutikiswa.

Likague tunda kwanza

Angalia mambo matatu: maji, uchachu na nyama yake. Tikiti maji ni maji kwa takriban asilimia 92, na uchachu wake ni mdogo sana. Sharubati yake ikikutana na pombe bila msaada hupooza kabisa. Stroberi nayo imejaa maji, asilimia 91 hivi, ila ina uchachu wa kutosha kujitetea. Embe bivu lina sukari karibu gramu 14 katika kila gramu 100, nyama nzito, na uchachu kidogo. Karakara ni kinyume cha hayo yote: chachu mno, harufu inayojaza chumba, na nyama yake ni ule ute tu unaozunguka mbegu.

Tunda likikosa uchachu, ndimu au limau hulikopesha. Juisi ya ndimu ina asidi karibu asilimia 6, wakati ya chungwa huelea kwenye asilimia 1. Pengo hilo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ndiyo maana kokteli ya machungwa matupu, hata yawe mazuri namna gani, hubaki kuwa juisi iliyotiwa pombe. Huwezi kuongeza chungwa mpaka likafanya kazi ya ndimu, kwa sababu glasi itajaa kabla uchachu haujafika.

Kipimo cha kuanzia ni hiki: pombe mililita 45, ndimu 20, shira 15, halafu tunda. Shira ni kikombe kimoja cha sukari na kimoja cha maji, vikipashwa moto hadi sukari iyeyuke, kisha kupozwa. Usiibadilishe kwa sukari kavu kwenye kinywaji baridi, maana punje zitalala chini ya glasi hadi mwisho. Tunda likiwa limeiva sana, shusha shira hadi 10 au uiache. Karakara inataka kinyume chake: ndimu nusu, shira zaidi. Onja tunda lenyewe kabla ya kupima chochote, kwani embe la mwanzo wa msimu na la mwisho wake hayatumii kipimo kimoja.

Ndimu ikamuliwe siku hiyohiyo. Juisi iliyolala friji haitakudhuru, ila ladha yake huwa imefifia, na kwenye kinywaji chenye vitu vitatu au vinne hakuna pa kuificha.

Kutikisa: kwa matunda yenye harufu

Daiquiri ya Kuba, ambayo kwa kawaida huhusishwa na Jennings Cox, mhandisi Mmarekani aliyefanya kazi kwenye migodi karibu na Santiago de Cuba mwishoni mwa miaka ya 1890, ina ramu, ndimu na sukari, basi. Nayo tayari imekamilika. Ukitaka kuiongezea tunda, tunda hilo lilete kitu ambacho ndimu haina.

Karakara inaleta harufu. Chota ute wa matunda mawili, tikisa pamoja na barafu kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka chombo kifanye ukungu kwa nje, chuja, mimina. Nanasi linaleta povu. Sharubati yake mbichi ikitikiswa kwa nguvu hutoa tabaka jeupe zito ambalo kwenye vinywaji vingine hutafutwa kwa ute wa yai. Embe, kwa upande mwingine, halina sababu ya kuwa hapa. Uzito wake huziba chujio, na barafu haizunguki vizuri ndani yake.

Kutikisa hupoza kuliko kukoroga, kiasi cha kushusha kinywaji chini ya nyuzi 0, kwa kuwa pombe na sukari huzuia kisigande. Katika sekunde hizo barafu hutoa maji yanayofikia robo ya ujazo wa ulichotia. Maji hayo si hasara, maana bila hayo kinywaji huwa kikali na kitamu kupita kiasi. Udhaifu wa njia hii uko baada ya kumimina: kiglasi kidogo kisicho na barafu, nje kwenye joto, kina dakika kumi za uzuri. Ni kinywaji cha kunywa umekaa kivulini na mtu mmoja au wawili. Kwa mchana mzima wa mazungumzo hakifai.

Kuponda ndani ya glasi

Hapa ndipo ilipo caipirinha ya Brazili: ndimu iliyokatwa vipande, sukari, barafu na cachaça, pombe inayotokana na juisi ya miwa. Mojito nayo iko karibu, ikiwa na ramu, mnanaa na soda kidogo. Kwa matunda ya msimu, ponda stroberi tatu au nne, au kiganja cha zabibu, pamoja na robo mbili za ndimu na maganda yake.

Njia hii pekee ndiyo inayoruhusu sukari kavu, na kwa kweli inaihitaji. Punje hukwaruza ganda la ndimu na kutoa mafuta yake, na mafuta hayo ndiyo nusu ya harufu ya kinywaji. Lakini bonyeza, usitwange. Sehemu nyeupe iliyo chini ya ganda ni chungu, na mnanaa uliosagwa hadi ukawa tope hutoa ladha ya majani mabichi. Mnanaa unatosha kubonyezwa mara tatu nne.

Ukipenda kinywaji kinachobadilika kadiri unavyokunywa, chagua hiki. Barafu iliyovunjwavunjwa huyeyuka haraka, kwa hiyo mwanzo ni mkali, katikati ni pazuri, na mwisho ni maji yenye kumbukumbu ya stroberi. Kwa wageni wanane ni adhabu: kila glasi inapondwa peke yake, na yule wa nane atakuwa ameshajimiminia kitu kingine.

Glasi ndefu: ya kujifunza kama utajifunza moja tu

Kwa joto kali, hii ndiyo ninayoitetea. Kiini chake ni kilekile cha Tom Collins, yaani jini, limau, shira na maji ya soda, na unaweza kutia karibu tunda lolote lenye maji bila kuharibu chochote. Kinywaji ni kirefu, nguvu yake ni ya wastani, na kinabaki baridi mpaka mwisho kwa sababu barafu imo ndani.

Tikiti maji lilizaliwa kwa ajili ya njia hii. Saga vipande, chuja, pima mililita 60 za sharubati, tia pombe 45, ndimu 20 na shira 10, jaza barafu hadi ukingoni, kisha malizia na soda mililita 90. Chumvi kidogo sana, ile inayoshikika kwa ncha za vidole viwili, huamsha utamu wa tikiti kuliko kijiko cha sukari. Usilipike tikiti ili kupata shira yake. Moto hulitoa harufu ya tikiti na kuliachia ya boga. Sharubati yake pia hujitenga, nyekundu chini na maji juu, kwa hiyo tikisa chupa kabla ya kumimina na uitumie siku hiyo.

Wengi huogopa barafu nyingi wakidhani itawachujulia kinywaji. Ni kinyume chake. Barafu tatu kwenye glasi ndefu huyeyuka upesi kwa kuwa zinapambana na kinywaji chote zenyewe. Glasi iliyojaa barafu hupoa mara moja na kuyeyuka kidogo. Soda nayo iwe imelala friji. Gesi hukaa kwenye maji baridi na kutoroka kwenye ya vuguvugu, kwa hiyo soda ya kabatini ikigusa barafu inachemka yote na kukuachia maji. Itie mwisho, koroga mara moja kutoka chini, acha.

Balungi linapenda tekila hapa; ongeza ndimu na soda, umepata paloma, ambayo kwa maoni yangu haina mpinzani saa nane mchana. Lina uchungu wake, na uchungu hukata kiu kwa namna ambayo utamu hauwezi.

Pichi ina njia yake ya pembeni. Giuseppe Cipriani wa Harry's Bar, Venice, ndiye aliyebuni Bellini: sehemu moja ya pichi nyeupe iliyosagwa kwa sehemu mbili za prosecco, divai nyeupe ya Italia yenye mapovu. Mwanzoni ilipatikana msimu wa pichi tu, na hilo linaeleza ubora wake kuliko kipimo chochote, kwani haina ndimu wala shira ya kuokoa tunda bovu. Pichi iliyosagwa hugeuka kahawia baada ya muda mfupi. Matone machache ya limau huchelewesha hilo.

Blenda: yenye sifa nyingi kuliko inavyostahili

Picha za kokteli za majira ya joto zimejaa vinywaji vya kusagwa, na nusu yake vingekuwa bora zaidi kwenye glasi ndefu. Tatizo ni barafu. Ukiisaga pamoja na tunda lenye maji mengi, unaongeza maji juu ya maji, na ndani ya dakika chache kinywaji kimegawanyika: theluji isiyo na ladha juu, sharubati chini. Hata wauzaji waliteseka nalo. Mariano Martinez, mwenye mgahawa mjini Dallas, alichoshwa na margarita (kokteli ya tekila na ndimu) za blenda zilizotoka tofauti kila mara, na mwaka 1971 akageuza mashine ya aiskrimu laini ili izitengeneze. Mashine hiyo sasa iko kwenye makumbusho ya Smithsonian.

Nyumbani huna mashine, ila una friza, na friza ndiyo suluhisho. Kata embe vipande vya ukubwa wa kete, vigandishe usiku kucha, kisha saga gramu 120 za vipande hivyo na ramu 45, ndimu 20, shira 20 na barafu kidogo tu. Tunda lililoganda linafanya kazi ya barafu, na likiyeyuka linatoa embe badala ya maji. Kinywaji kitakuwa na nguvu zaidi kidogo kuliko kilivyo kwenye jedwali, kwa kuwa maji yamepungua. Embe lenye nyuzi lipitishe kwenye chujio kabla ya kugandisha. Blenda hukata nyuzi lakini haizimalizi.

Shira imepanda kutoka 15 hadi 20 kwa sababu ulimi uliopigwa na baridi hausikii utamu vizuri. Onja mchanganyiko kabla ya kusaga, na uhakikishe umezidi utamu kidogo. Usishawishike kuongeza pombe: haigandi kwenye friza ya nyumbani, na ikizidi kinywaji hakishikani tena.

Nanasi nalo linafaa hapa, pamoja na tui zito la nazi na ramu. Hiyo ni piña colada, kinywaji rasmi cha Puerto Rico tangu mwaka 1978. Ukiwaza kubadilisha tui kwa maziwa au krimu, jua kwamba nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, na maziwa yaliyokaa nalo huwa machungu. Papai na kiwi vina tabia hiyohiyo.

Kinachoifanya blenda istahili nafasi yake ni matunda yaliyopita kilele. Embe lenye madoa, nanasi lililolainika upande mmoja: kata palipoharibika, gandisha palipobaki. Hakuna njia nyingine hapa inayosamehe hivyo.

Jagi

Wageni wakizidi sita, chagua jagi na usijute. Sangria ni ya Hispania na Ureno, na sheria ya Umoja wa Ulaya imezihifadhia nchi hizo mbili jina hilo kwenye chupa zinazouzwa. Nyumbani kwako hakuna atakayekushtaki. Divai chupa moja, sharubati mililita 300, matunda magumu yaliyokatwa, saa mbili hadi nne kwenye friji. Stroberi ziingie nusu saa ya mwisho, zisije zikafumuka. Ndizi zisiingie kabisa. Soda itiwe wakati wa kumimina, na barafu ikae kwenye glasi, kamwe isikae kwenye jagi, la sivyo wa mwisho kufika atakunywa maji ya rangi.

Unaweza pia kuandaa daiquiri ya karakara kwa jagi: zidisha vipimo, ongeza maji baridi robo ya jumla badala ya yale ambayo barafu ingetoa, uiache friji ipoe. Povu hutapata, ila na wewe hutashinda umesimama jikoni.

Pombe, sasa

Ramu nyeupe inaelewana na embe, nanasi na karakara. Jini ina harufu za mimea, hivyo inajaza pale tikiti linapoacha wazi. Tekila iende na balungi na ndimu. Vodka haileti ladha yake, na hiyo ni sifa pale tunda ni zuri mno, lakini kwa tikiti ni kuongeza ukimya juu ya ukimya. Ukiwa na chupa moja tu ya kununua, nunua ramu nyeupe.

Asiyekunywa pombe asipewe kokteli iliyoondolewa pombe tu, kwa sababu kinachobaki ni utamu. Weka chai kali iliyopozwa au tangawizi iliyokamuliwa mahali pa pombe, punguza shira, na tumia glasi ndefu. Kati ya zote tano ndiyo inayopoteza kidogo zaidi. Toniki badala ya soda huleta uchungu unaokaribia mng'ato wa pombe.

Na kama unakamua ndimu nje, juani, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuendelea. Juisi ya ndimu kwenye ngozi ikipigwa na jua huweza kuunguza: siku moja au mbili baadaye hutokea wekundu, wakati mwingine malengelenge, kisha madoa meusi yanayochukua wiki kadhaa kuondoka. Kamulia ndani, toka na chupa.